Kumwalika Rafiki Karamuni na Kumwonyesha Njia

Somo kwa wakatekumeni wanaojiandaa kwa Pasaka

Mkatekumeni anapokaribia siku ya Ubatizo wake, watu wa nyumba yake huanza kuandaa karamu. Mihogo hulowekwa na kuanikwa, ndagala hununuliwa ziwani, mama wa nyumba huazima sufuria kwa majirani, na watoto hutumwa kuokota kuni. Kazi hizo zote ni njema. Lakini iko kazi moja ambayo watu wengi huidhani kuwa ndogo, nayo ndiyo inayoharibika mara nyingi: ni kazi ya kualika. Mtu husema neno moja njiani, «Ndugu, karibu kwetu siku ya Pasaka,» kisha huendelea na safari yake, akidhani amekwisha kualika. Siku inafika, mgeni haonekani. Mwenye karamu ananuna, mgeni naye ananuna, na urafiki wa miaka mingi unavunjika.

Somo hili lafundisha mambo mawili: namna ya kumwalika rafiki, na namna ya kumwonyesha njia ya kufika. Mambo hayo hayatengani. Anayealika bila kuonyesha njia ni sawasawa na mtu aliyeandaa chakula akafunga mlango.

I. NANI AALIKWE?

Desturi ya watu wengi ni kuwaita kwanza wale watakaorudisha. Aliyekula kuku kwa jirani mwaka jana humwita jirani huyo mwaka huu, na jirani humwita tena mwaka ujao. Kurudisha wema si vibaya. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu, alipokuwa mezani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo, alimfundisha mwenye nyumba kwamba anapofanya karamu asiangalie rafiki, ndugu na matajiri, bali awaite maskini, viwete na vipofu. Hao hawana cha kurudisha. Malipo yake yatatoka kwa Mungu siku ya ufufuko. Habari hiyo imo katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14.

Basi, kabla ya kutuma neno lolote, yafaa mkatekumeni akae na watu wa nyumba yake na kuhesabu wageni kwa majina. Katika kuhesabu huko, kuna watu wa namna tatu ambao husahauliwa upesi. Wa kwanza ni mzee au mjane asiyetoka nyumbani, kwa sababu macho hayamwoni barazani wala sokoni. Wa pili ni yule ambaye waligombana naye, kwa sababu moyo haupendi kumkumbuka. Wa tatu ni rafiki asiye mkristu, kwa sababu watu hudhani kwamba sikukuu ya Ubatizo haimhusu. Lakini rafiki huyo ndiye aliyelima pamoja naye, ndiye aliyemchukua machelani alipougua. Akiachwa siku hiyo, atajua kwamba Ubatizo umemwondolea rafiki. Akiitwa, atajua kwamba Ubatizo haukuvunja kitu chochote kilicho chema.

Iko shida nyingine tena. Kwetu mgeni hapendi kuja mikono mitupu. Maskini asiye na kuku wala unga wa kupeleka hukaa kwake kwa haya, akasingizia homa. Kwa hiyo mwenye kualika amwondolee haya mapema. Amwambie waziwazi: «Usihangaike kutafuta kitu. Njoo wewe mwenyewe, tunakutaka wewe.» Au ampe kazi ndogo iliyo ya heshima, kama kupokea wageni mlangoni au kuangalia moto. Mtu mwenye kazi karamuni hajioni kuwa ombaomba.

II. MANENO YA MWALIKO

Mwaliko mzuri hauhitaji maneno mengi, lakini yafaa uwe na mambo sita: nani anayealika, kwa sababu gani, siku gani, saa gani, mahali gani, na mgeni atalala wapi. Jambo la sita husahauliwa na wengi, nalo ndilo linalowazuia watu wa mbali. Misa ya Kesha la Pasaka hufanyika usiku, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kurudi milimani gizani. Asipoambiwa mapema kwamba mkeka wake uko tayari, hatakuja kamwe.

Mfano wa mwaliko wa mdomo ni huu. Mkatekumeni anafika kwa rafiki yake, anamsalimu, anauliza habari za watoto na za shamba, anangoja apewe kiti. Kisha husema:

«Ndugu yangu, nimekuja kwa neno moja. Jumamosi Takatifu usiku, Padri atanibatiza pale misioni. Siku inayofuata, Dominika ya Pasaka, tutakula pamoja kwangu, saa sita za mchana. Nakuomba uje na mama wa watoto. Mfike Jumamosi kabla ya saa kumi za mchana, mpate kupumzika. Mtalala kwa kaka yangu, nimekwisha kumwambia.»

Rafiki hujibu: «Asante, ndugu. Nimesikia. Njia ya kwenu tangu mlipohama siijui.»

«Ndiyo sababu sikumtuma mtoto, nikaja mwenyewe. Nitakuonyesha.»

Maneno hayo ni machache, wala hakuna linalokosekana. Tena yaonekana kwamba mwenye kualika alikwenda kwa miguu yake. Barua ni njema, na siku hizi wengi wana simu. Lakini katika mabonde sauti ya simu hukatika, na barua hupita mikononi mwa watu wengi. Kwa mgeni mwenye heshima, kwa mzee, na hasa kwa yule waliyegombana naye, miguu ndiyo barua iliyo bora.

Mwaliko mmoja hautoshi. Katika mfano wa karamu kubwa, ambao Mtakatifu Luka ameuandika katika sura ile ile ya 14, bwana aliwaalika watu zamani, kisha saa ya chakula ilipofika akamtuma tena mtumishi wake kuwaambia kwamba vyote viko tayari. Hivyo yafaa kualika mara mbili: mara ya kwanza wiki tatu au nne mbele, mgeni apate kupanga kazi zake, mara ya pili siku mbili au tatu kabla ya karamu, apate kukumbuka.

III. MAANDIKO MATAKATIFU YANAVYOONYESHA NJIA

Anayesoma Agano Jipya kwa uangalifu ataona kwamba Maandiko hayadharau habari ndogo za njia na nyumba. Mifano minne yatosha.

Mfano wa kwanza ni wa chumba cha Karamu ya Mwisho. Yezu aliwatuma Petro na Yoane mjini Yeruzalemu kuandaa Pasaka. Walipouliza ni mahali gani, aliwaambia kwamba wakiingia mjini watakutana na mtu mwanamume aliyechukua mtungi wa maji. Wamfuate mpaka nyumba atakayoingia, wamwulize mwenye nyumba habari za chumba, naye atawaonyesha chumba kikubwa cha juu kilichotandikwa. Katika nchi ile, kama kwetu, kazi ya kuteka maji ilikuwa hasa ya wanawake. Wanawake wenye mitungi walikuwa wengi, lakini mwanamume mwenye mtungi alionekana mara moja. Hapo twajifunza kuchagua alama isiyofanana na nyingine.

Mfano wa pili ni wa Ananiya wa Damasko. Saulo alipokuwa kipofu, Bwana alimtuma Ananiya kwake. Alimtajia njia iitwayo Nyofu, akamtajia nyumba ya mtu jina lake Yuda, akamtajia jina la mtu wa kuulizwa, Saulo wa Tarso, na jambo atakalomkuta akilifanya, yaani kusali. Njia, nyumba, jina: Ananiya hakuwa na haja ya kuzungukazunguka mji wote. Njia ile ipo Damasko hata leo.

Mfano wa tatu ni wa Korneli, mkubwa wa askari aliyekaa Kaisaria. Malaika alimwambia atume watu Yafa wamwite Simoni aitwaye Petro, aliyekuwa akikaa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Hapo pana Simoni wawili katika nyumba moja. Kama Korneli angeambiwa «Simoni» tu, watu wake wangeweza kumleta asiyehitajiwa. Lakini mmoja alitajwa kwa jina lake la pili, na mwingine kwa kazi yake na kwa mahali pa nyumba yake. Wajumbe wale walikwenda safari ya kilomita zipatazo 50, wakafika mlangoni, wakauliza, wakampata. Katika vijiji vyetu akina Yozefu na akina Maria ni wengi. Haitoshi kusema, «Uliza kwa Yozefu.» Yafaa kusema: «Uliza kwa Yozefu seremala, yule wa karibu na kisima.»

Mfano wa nne ni wa Filipo, ambaye alitumwa kwenda upande wa kusini katika njia itokayo Yeruzalemu kwenda Gaza, na habari ile yaongeza kwamba njia hiyo ni ya jangwa. Kwa hiyo kuna upande, kuna mwanzo na mwisho wa njia, tena kuna hali ya njia. Mgeni akijua hali ya njia hujiandaa: atachukua maji, au mwavuli, au atatoka mapema.

IV. ALAMA ZA NJIA

Alama ni za namna mbili: zinazokaa na zinazoondoka. Mlima, mto, daraja, kanisa, jiwe kubwa na njia panda ni alama zinazokaa. Mbuzi waliofungwa, motokaa iliyoharibika, nguo zilizoanikwa, shamba la mahindi lililo bichi leo, ni alama zinazoondoka. Anayeonyesha njia asiseme kamwe: «Utaona mbuzi mweusi, hapo upinde.» Hata alama zidhaniwazo kuwa za daima hubadilika. Toka mwaka 2020 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda mara kadhaa, yakafunika nyumba nyingi za pwani pale Uvira. Aliyeonyeshwa nyumba ya karibu na maji kabla ya mwaka ule, asishangae kukuta mambo yamegeuka. Ndiyo maana mwenye kualika aitazame njia yake upya kila mwaka.

Kisha ziko kuume na kushoto. Jambo hili huwadanganya hata watu wenye akili nyingi. Mtu anayetoka Uvira kwenda Baraka huenda kusini. Ziwa liko kushoto kwake na milima ya Mitumba iko kuume. Akirudi kutoka Baraka kwenda Uvira, ziwa liko kuume na milima iko kushoto. Ziwa halikuhama, ni mtu aliyegeuka. Basi anayeonyesha njia asihesabu kuume na kushoto kwa namna anavyokaa yeye, bali kwa namna mgeni atakavyotembea. Tena ni salama zaidi kuongeza kitu kisichogeuka: «Pinda kuume, upande wa kusini, ziwa likae kushoto kwako.» Mgeni akiona ziwa liko kuume, atajua mara moja kwamba amekosa njia.

Jua nalo lasaidia. Siku za Pasaka, mwezi wa tatu na wa nne, jua huchomoza karibu sawa na mashariki kabisa. Anayelitazama jua la asubuhi ana kaskazini mkono wa kushoto na kusini mkono wa kuume. Katika nchi yetu iliyo karibu na ikweta jua hutua karibu na saa kumi na mbili za jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kwa hiyo anayeonyesha njia ahesabu saa za kutembea, wala asiseme «ni karibu tu» au «hapo tu». Hapo pa kijana mwenye nguvu ni mbali kwa mama mwenye mimba. Aseme: «Kwa mtu mzima ni mwendo wa saa tatu; kwa mwenye watoto ni wa saa nne au tano.»

Watu wengine hutumaini mbalamwezi usiku wa Pasaka. Ni kweli kwamba Pasaka hufuata mwezi: ni Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofuata mwanzo wa majira, tarehe 21 ya mwezi wa tatu. Lakini pengine mwezi mpevu umepita siku tano au sita kabla ya Jumamosi Takatifu. Kila usiku mwezi huchelewa kutoka karibu saa nzima. Kwa hiyo mwaka mwingine hutoka karibu na usiku wa manane, na mawingu ya masika huweza kuuficha kabisa. Mgeni aambiwe achukue taa, tena afike kabla ya jua kutua.

Zaidi ya yote, mito itajwe. Pasaka huja wakati wa mvua. Kijito kinachovukwa asubuhi bila kulowesha magoti chaweza kufika kifuani jioni, kwa sababu mvua imenyesha milimani, hata kama bondeni kuna jua. Watu wa Uvira hawawezi kusahau usiku ule wa mwezi wa nne mwaka 2020, siku chache baada ya Pasaka, mto Mulongwe ulipofurika, ukachukua watu na kubomoa nyumba nyingi. Basi mgeni aambiwe mito ni mingapi, upi una daraja na upi hauna, na afanye nini maji yakijaa. Aambiwe waziwazi: «Maji yakijaa usivuke. Rudi ulale kwa watu, karamu itakungoja.» Neno hilo ni la lazima, maana mgeni mwenye adabu huogopa kumkosea mwenyeji, akaingia majini kwa sababu ya heshima.

Mwisho, mgeni atajiwe alama inayomjulisha kwamba amepita: «Ukifika kwenye soko, umenipita, rudi nyuma.» Kisha aombwe kurudia njia yote kwa mdomo wake. Asipoweza kurudia, hajaonyeshwa bado. Na pale njia zinapogawanyika, mwenyeji akate tawi bichi asubuhi ya siku ile, alilaze juu ya njia isiyofuatwa. Wazee wetu walifanya hivyo, na kila mtu wa kijijini ajua maana yake.

V. MFANO WA MARAFIKI WAWILI

Katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa Tanganyika alikuwako mkatekumeni mwenye rafiki aliyekaa milimani. Walikuwa wamekosana juu ya deni la mbuzi, na mwaka mzima hawakusalimiana. Kwaresima ilipoanza, mkatekumeni akasikia moyoni kwamba hawezi kubatizwa akiwa na kinyongo. Akakutana na rafiki yake sokoni, akampa mkono, akasema: «Ndugu, yaishe. Njoo kwangu kwa Pasaka.» Rafiki akafurahi, akauliza njia. Mkatekumeni akajibu: «Ni rahisi. Ukifika njia kubwa pinda kushoto, vuka mto mdogo, tazama mwembe. Ni hapo tu.»

Jumamosi Takatifu rafiki alitoka kwake na jogoo mikononi na kitambaa kipya kichwani mwa mkewe. Wakashuka milimani, ziwa likiwa mbele yao. Walipofika njia kubwa wakapinda kushoto, kama walivyoambiwa. Wakatembea. Wakaona miembe, si mmoja, bali mingi. Jioni wakafika mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu. Mtu yule akasema: «Ndio mto mdogo alioutaja. Tukichelewa atadhani bado nina kinyongo.» Akaingia kwanza peke yake. Maji yakamfika kifuani, miguu ikateleza, jogoo akachukuliwa na maji, naye mwenyewe aliokoka kwa kushika mzizi wa mti. Wakalala barazani kwa watu wasiowajua, wamelowa, na asubuhi wakapanda kurudi kwao. Mke akasema: «Alitualika ili tuchekwe.» Mume hakujibu.

Kule pwani mkatekumeni alibatizwa. Siku ya pili yake aliweka kiti kitupu mezani mpaka jua likatua. Akasema moyoni: «Mimi nilisamehe, yeye hakusamehe.» Majuma matatu yakapita, kila mmoja akihesabu kosa la mwenzake.

Hapo katekista, mzee mwenye busara, akamwuliza: «Mwanangu, ulimwonyesha njia namna gani?» Akamweleza. Mzee akasema: «Vema. Kesho upande milimani mpaka mlangoni kwake, usiingie. Geuka, ushuke ukifuata maneno yako mwenyewe, wala usifuate unavyojua.»

Mkristu mpya akafanya hivyo. Akashuka, ziwa likiwa mbele yake. Alipofika njia kubwa, miguu ilitaka kupinda kuume, upande wa nyumba yake. Akakumbuka amri ya mzee, akapinda kushoto. Akatembea mpaka mtoni, akaona maji, akaona miembe isiyo na idadi. Hapo akaelewa. Siku ile sokoni alikuwa amehesabu kama mtu anayetoka ziwani kupanda mlima: kwake yeye kijiji kilikuwa kushoto, lakini kwa anayeshuka kilikuwa kuume. Akauliza watu wa hapo, nao wakamsimulia habari za mtu aliyepoteza jogoo usiku wa Pasaka.

Hakurudi kwake. Alipanda tena siku ile ile, akafika usiku, akabisha hodi. Akasema: «Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekupeleka mtoni. Kushoto nilikokuambia kulikuwa kushoto kwangu, si kwako. Nimetembea njia yako yote leo, nimeona.»

Rafiki akanyamaza kitambo. Kisha akajibu: «Ulinialika kwa mdomo. Leo umenialika kwa miguu. Ingia, ule.»

Siku ya Pentekoste wageni wale walishuka tena. Mwenyeji hakuwangoja nyumbani. Waliposhuka walimkuta amesimama njia panda toka asubuhi, na jogoo kwapani, wa kuwarudishia.

VI. WAJIBU WA ALIYEALIKWA

Aliyealikwa naye ana wajibu wake. Ajibu mapema, aseme ndiyo au hapana. Katika mfano wa karamu kubwa, wale walioalikwa hawakusema lolote mpaka chakula kilipokuwa tayari. Ndipo mmoja akataja shamba, mwingine ng'ombe, mwingine mke. Shamba, ng'ombe na mke si vitu vibaya. Ubaya ulikuwa kudharau aliyewaita. Mtu mwenye udhuru wa kweli hutuma neno kabla sufuria haijatelekwa.

Tena asilete watu watano pale alipoitwa mmoja, bila kuuliza, kwa maana unga wa maskini una kipimo. Na anywe kwa kiasi, akikumbuka kwamba mto alioupita akija unamngoja akirudi.

Karamu ikiisha, mwenyeji amsindikize mgeni, angalau mpaka mahali njia zinapogawanyika, na amkumbushe kwamba sasa kuume kumekuwa kushoto. Kumpokea mgeni vizuri na kumwacha apotee akirudi ni kazi ya nusu.

VII. MAANA YA SOMO KWA MKATEKUMENI

Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia kwamba wakristu wa kwanza waliiita imani yao «Njia». Mkatekumeni ajiulize ni nani aliyemwonyesha yeye Njia hiyo. Pengine alikuwa mama yake, au jirani, au katekista aliyetembea kilomita nyingi katika matope. Mtu huyo hakusema tu, «Mungu yupo, mtafute.» Alitaja siku, alitaja saa, alikaa naye, alirudia maneno yaliyokuwa magumu, alimngoja alipochelewa.

Naye akibatizwa atakuwa mwenye kuwaonyesha wengine. Asiwaonyeshe kwa kuume na kushoto kwake mwenyewe, akidhani kwamba kila mtu ameanza safari pale alipoanzia yeye. Aende kwanza mpaka mlangoni pao, atazame njia kwa macho yao, ndipo aseme.

MAULIZO NA MAJIBU

1. Kualika ni nini?
Kualika ni kumwita mtu kwa moyo wa kweli na kumwezesha kufika.

2. Mwaliko mzuri una mambo gani?
Una mambo sita: anayealika, sababu, siku, saa, mahali, na mahali pa kulala.

3. Kwa nini yafaa kualika mara mbili?
Mara ya kwanza ni kwa kupanga, mara ya pili ni kwa kukumbusha.

4. Kuume na kushoto huhesabiwa kwa nani?
Huhesabiwa kwa yule atakayetembea, si kwa yule anayesema.

5. Mgeni afanye nini akikuta mto umejaa?
Asivuke. Alale kwa watu, wala mwenyeji asimkasirikie.

6. Mwenye karamu afanye nini mgeni asipofika?
Asimhukumu. Aende kwanza kuuliza habari zake.

ZOEZI

Kila mkatekumeni achague mtu mmoja anayekaa mbali, hasa yule waliyekosana naye. Aeleze mbele ya wenzake njia ya kutoka mlangoni kwa mtu huyo mpaka kanisani: njia panda zote, mito yote, saa za kutembea, na alama ya kumjulisha kwamba amepita. Wenzake wamsikilize na kusahihisha. Kisha, kabla ya juma kwisha, aende kumwalika.